Barua ya wazi kwa waandaaji wa matamasha Zanzibar: tupangieni namna watoto watakavyotembea wenyewe

Kwa waandaaji wa matamasha ya muziki ya nje hapa Zanzibar, Baraza la Manispaa Mjini, Jeshi la Polisi Mkoa wa Mjini Magharibi, na masheha wote wa Mji Mkongwe.

Assalamu alaykum, na poleni na kazi.

Mi ni mama, tena shangazi wa watoto wengi, mkaazi wa Mji Mkongwe, na muziki napenda sana, tamasha likipigwa Ngome Kongwe nami nimo. Naandika kwa sababu msimu ukikaribia mazungumzo yanakuwa tiketi, wageni, hoteli, saundi, umeme, na watoto wanatajwa kwenye mstari mmoja tu kwamba wawe na mzazi. Mstari huo hautoshi jamani. Naomba mtupangie utaratibu wa watoto kutembea wenyewe ndani ya tamasha, utaratibu wenye watu wake, mipaka yake, saa zake na namba zake za simu, ili mtoto wa miaka tisa kumi aweze kwenda kuangalia ngoma, kununua juisi ya miwa, kurudi kwa mamake, na mama asipandwe na presha kila dakika.

Mtoto wa Unguja kutembea bila mzazi si jambo geni. Wa miaka saba anakwenda skuli na wenzake, alasiri anakwenda chuoni kusoma Kurani na juzuu yake, anatumwa dukani anarudi na chenji kamili. Sikukuu za Idi ndo usiseme, wanavalishwa nguo mpya wanapewa vijisenti vyao wanakwenda Mnazi Mmoja makundi kwa makundi, mkubwa kamshika mdogo mkono, wanakula aiskrimu na ubuyu mpaka midomo mekundu, na mzazi yuko nyumbani anapokea wageni wala hana wasiwasi mkubwa kwa sababu njia nzima kuna watu wanaojua huyu ni mtoto wa nani. Akivuka barabara vibaya kuna mzee barazani atampigia kelele. Akilia kuna mtu atamwita kwa jina la babake. Uhuru wa mtoto hapa kwetu umejengwa na macho ya mtaa, wala hatukuusoma popote, tumeukuta.

Sasa njoo kwenye tamasha usiku. Yale macho hayapo, watu wametoka Dar, Mombasa, Ulaya na kwengineko, taa zinawaka zinazima, spika zimefunika sauti zote, mtoto akiita haisikiki hata kwa aliye hatua mbili mbele yake. Wazazi hapo tumegawanyika. Kuna anayemshika mtoto kiganja usiku kucha mpaka kinatoa jasho, na huyo mtoto wa miaka 10 asubuhi yake kavuka Darajani peke yake, sasa kasimamishwa nyuma ya migongo ya watu wazima haoni steji haoni bendi, baada ya nyimbo mbili anataka kurudi nyumbani na mamake kaharibikiwa usiku. Upande wa pili wapo wavulana wa miaka 11, 12 walioachiwa moja kwa moja, hawana tiketi, wanazunguka nje ya kuta za Ngome, wanajirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani giza limeshaingia na wageni wanawapiga picha, na hakuna mtu mzima hata mmoja ambaye kazi yake usiku ule ni kujua wako wapi. Katikati ya hao wawili hapana kitu. Hapo katikati ndipo ninapopataka mimi.

Najua mnaogopa nini na mna haki ya kuogopa. Siku ya Idi, tarehe 1 Oktoba 2008, kule Tabora watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko toto, walijazwa kupita kiasi, hewa ikawa haitoshi. Watoto waliovalishwa nguo za sikukuu na mama zao. Tangu hapo imekuwa kawaida Idi au Krismasi ikikaribia kusikia polisi wa mkoa fulani wametangaza disko toto marufuku, na kwa lililotokea siwalaumu kabisa. Lakini marufuku inamwambia mtoto asiende pale, haimwambii aende wapi, na sikukuu ni sikukuu, mtoto atatoka tu, atakwenda pasipo na askari wala mlango wa dharura. Sisi huku tuna uwanja wa wazi, tuna upepo wa bahari, tuna watu waliozoea kuandaa tamasha miaka na miaka, Sauti za Busara wameanza 2004, ZIFF, lile tamasha la filamu, 1998, uzoefu upo mwingi sana, kwa nini usitumike kuwapa watoto furaha yenye ulinzi?

Na wanaosema mtoto akiwa na babake basi yameisha, nawaombeni mfikirie yaliyotokea Houston kule Marekani Novemba 2021 kwenye tamasha la Astroworld. Watu 10 walikufa kwa msongamano, mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 9, na alikuwa amebebwa mabegani na baba yake. Tamasha la nje, uwanja mpana. Baba alikuwepo, na baba alifanya kila ambalo baba yeyote angefanya. Umati ukishabana mzazi hana nguvu, ile ni kazi ya mwenye tamasha, yeye ndo anajua tiketi ngapi kauza, geti ngapi kafungua, nani anasimamisha muziki watu wakianza kuanguka. Kwa hiyo mkituandikia mtoto awe na mzazi mjue nusu ya ulinzi bado iko mikononi mwenu.

Ngome Kongwe yenyewe ni neema kwa jambo hili. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, kuta nene ndefu, ndani uwanja wa majani na ule ukumbi wa ngazi, na milango ya kuhesabika. Uwanja wenye milango ya kuhesabika ndio uwanja wa mtoto kujifunzia kutembea mwenyewe, maana mlinzi wa geti akiwa na sheria moja tu, kwamba mtoto hatoki isipokuwa na yule aliyeingia naye, basi ndani mle mtoto anaweza kwenda huku na huku na mzazi kakaa zake kwenye majani anasikiliza ganuni. Weka bangili za rangi. Mtoto na mtu wake wapewe rangi moja na namba moja, kwa ndani ya bangili ya mtoto iandikwe simu ya mzazi kwa kalamu isiyofutika na jasho, na jina lisiandikwe kabisa, kwa sababu mtu mbaya akishajua jina la mtoto amepata ufunguo, atamwita "Abdul njoo mama anakuita" na Abdul atakwenda.

Hili la jina nataka kulikazia. Kwenye tamasha moja, silitaji, mtoto wa mdogo wangu wa miaka sita alipotea jioni. Akapelekwa nyuma ya steji, na msema chochote akalikamata maiki akatangaza mbele ya umati mzima jina la mtoto, jina la babake, kavaa fulana ya rangi gani, yuko hapa nyuma, mwenyewe aje amchukue. Mimi ndiye niliyefika kwanza. Nikasema ni wangu, nikapewa. Hakuna aliyeniuliza jina langu, hakuna aliyemuuliza mtoto kama ananijua, hakuna aliyeandika popote. Nilikuwa shangazi yake alhamdulillahi, lakini yule kijana wa fulana ya tamasha hakuwa na njia yoyote ya kulijua hilo, na simlaumu yeye, hakuna aliyemfundisha. Mtoto aliyepotea hatangazwi hivo. Taarifa zinakwenda kwa redio za walinzi na kwenye mageti, mtoto anakaa na watu wazima wawili, wasipungue wawili, mmoja wao awe mwanamke, na anayekuja kumchukua ndiye aseme mtoto anaitwa nani, kavaa nini, bangili namba ngapi, alafu mtoto mwenyewe atazamwe uso anapomuona. Akirudi nyuma, hapewi mtu mpaka polisi waje.

Na kabla ya kufikishwa nyuma ya steji yule mtoto alikuwa wapi? Alikuwa kwa mama mmoja muuzaji. Alipoona kapotea alitafuta mama mwenye meza, akenda akasimama pembeni ya beseni lake la viazi, hakulia, yule mama akampa kipande cha muhogo akamwambia kaa hapa usiondoke. Watoto wetu wanajua hayo, mamlaka ya mji kwao ni mama muuzaji, kuliko kijana wa sekyuriti aliyevaa miwani nyeusi. Basi watumieni! Wale wauzaji wa Forodhani, wa urojo, mishkaki, pweza, juisi ya miwa, wako pale kila jioni ya mwaka, wanajuana, wanajulikana na manispaa. Chagueni baadhi yao wanaokubali, wapeni bendera moja ya rangi kali inayoonekana kwa mbali, wapeni namba ya kupiga, wafundisheni nusu siku, wapeni na chochote maana ni kazi, alafu watoto tuwaambie tangu nyumbani ukipotea nenda kwenye bendera ile. Mtandao wa simu siku za tamasha unazidiwa, unapiga haitoki, kwa hiyo bendera na mahala pa kukutania panapojulikana vina kazi kubwa kuliko simu. Zamani tulikuwa tunaambiana tukutane mbele ya jengo la Beit el Ajaib, tangu sehemu yake ilipoanguka Disemba 2020 na watu wawili wakafariki pale sipo tena pa kumsimamisha mtoto, kwa hiyo lazima mtuchagulie pengine mpaandike kwa maandishi makubwa.

Kuhusu umri msiweke mstari mmoja wa kumi na nane mkamaliza. Mtoto wa miaka mitano na wa miaka 14 wana uhusiano gani? Mimi naona hivi, wa saba kushuka chini mkono wa mtu wake, hapo hatujadili. Wa nane mpaka kumi na moja watembee wawili wawili ndani ya kuta tu, na kila bendi ikibadilishwa warudi kwa mzazi waonekane, ule muda wa kupanga vyombo steji ndo saa yao, hawahitaji saa ya mkononi. Wa kumi na mbili kuendelea wakiwa wawili au watatu waruhusiwe mpaka Forodhani na kurudi, mwisho adhana ya Isha. Mzazi akiona wake hajafikia asimwachie, yeye ndo anamjua. Na muwape watoto saa yao kabisa, kuanzia alasiri mpaka Maghrib, ngoma za watoto, taarab, wale wanafunzi wa chuo cha muziki cha DCMA wanaosomea udi na ganuni wapande steji kubwa watoto wenzao wawaone, taa ya Mungu bado iko juu na walevi bado hawajafika. Glastonbury kule Uingereza wana uwanja mzima wa watoto ndani ya tamasha wanauita Kidzfield, sisi hatuhitaji uwanja mkubwa vile, tunahitaji masaa matatu ya jioni na nia.

Gwaride nalo. Beni, ile ngoma ya tarumbeta, ikipita mtaani watoto wanaifuata, ndivyo ilivyokuwa kwa bibi zetu na ndivyo ilivyo leo, hakuna anayewauliza tiketi, wanatoka Kikwajuni, Michenzani, Kisiwandui wanacheza nyuma ya tarumbeta mpaka Forodhani, alafu wenye tiketi wanaingia ndani geti linafungwa, na wale watoto wanabaki nje na Maghrib inaingia na nyumbani ni mbali. Wengine hawajui hata njia waliyopita kwa sababu walikuwa wanatazama ngoma. Kwa nini gwaride lisiwe na watu wa nyuma kabisa, vijana kutoka kila shehia linapopita, kazi yao kuwaokota wale wadogo na kuwarudisha kwao kwa makundi kabla ya giza? Sheha anao vijana hao. Na Barabara ya Mizingani ifungwe kweli siku hizo, bodaboda zisipite, kwa sababu mtoto anayetoka Ngome kwenda bustanini anakimbia, haangalii, na pale kwenye kile kijia kinachopita chini ya jengo la mayatima dereva hamuoni mtu mpaka kashatokeza. Ukutani baharini wekeni waogeleaji wawili wenye boya, wale wale vijana wanaoruka pale kila siku, bahari ile wanaijua kuliko sisi sote.

Sasa naja kwa watoto wa kike, na hapa ndo roho yangu ilipo. Uhuru huu ninaousema kwa wavulana upo tayari, mbovu lakini upo. Msichana wa miaka 11 hana. Kakake anafuata beni mpaka mwisho, yeye anaambiwa ishia kwenye kona. Kakake anapanda ukutani kutazama bendi, yeye yuko jikoni anasikiliza besi kwa mbali. Tukiulizwa kwa nini tunasema udhalilishaji, na ni kweli upo, kila mzazi hapa mjini ana kesi anayoijua, kwa hiyo tunamlinda kwa kumfungia. Lakini akifika miaka kumi na saba kumi na nane atakwenda tu hayo matamasha, na atakwenda hajawahi hata siku moja kufundishwa kutembea kwenye umati, kujua pa kusimama, kumwambia mtu mzima "usinishike", kutafuta msaada bila kuona haya. Nataka afundishwe akiwa na miaka tisa, kwa hatua ndogo ndogo, mimi nikiwa hapo karibu. Na kwa hilo nahitaji vitu vyenu: vyoo vya wanawake vyenye taa na mlango unaofungika na mama mmoja anayekaa pale, njia ya kutoka steji mpaka geti isiyo na kona ya giza, sehemu ya pombe iwekwe mbali na isiwe ndo njia ya kupita kila mtu. Dawati la jinsia na watoto la polisi lihamie pale siku za tamasha, meza na askari wa kike, lisisubiri kesho ofisini. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ibandikwe kwenye kila mlango wa choo kwa urefu wa macho ya mtoto, na wafanyakazi wenu wote wajue kwamba likitokea la kutokea mtoto anapelekwa Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwasaidia waliodhalilishwa, pale Hospitali ya Mnazi Mmoja, haogeshwi, habadilishwi nguo, hasuluhishwi na wazee pembeni. Mavolontia wenu wanaokaa na watoto wachunguzwe kabla, majina yapite kwa masheha. Na wageni wenye kamera waambiwe kwenye tiketi yenyewe, mtoto hapigwi picha bila ya mzazi kuulizwa.

Masikio pia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 limetoa viwango vya kumbi na matamasha, wastani usizidi desibeli 100, na mahala pa utulivu pa kupumzisha masikio pawepo. Watoto wanapenda kusimama mbele kabisa kifuani kwa spika kwa sababu ndipo wanapoona steji. Wajengeeni jukwaa dogo pembeni lililoinuka, mbali na spika, waone. Mtoto mwenye kiti cha magurudumu naye ataona.

Mtasema fedha, na tunajua matamasha yanahangaika, 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa sababu hiyo hiyo. Lakini bangili, bendera, kalamu, meza mbili, mafunzo ya nusu siku na posho za watu kadhaa si gharama ya kuangusha tamasha. Na wale wanaoona muziki na watoto havikai pamoja, nawaheshimu, kila mtu na malezi yake, ila Mwaka Kogwa kule Makunduchi watoto wapo, harusini wapo, Idi wapo, tangu lini ngoma yetu ikawa ya watu wazima peke yao?

Ninachoomba kwa sasa ni kikao kimoja kabla hamjauza tiketi za msimu ujao, wawepo nyie, manispaa, dawati la polisi, masheha, walimu wa skuli na mama wauzaji wa Forodhani. Na kabla ya kikao, tembeeni uwanja mzima mchana na watoto wenyewe, kumi hivi, wa kike wasipungue nusu, kuanzia getini mpaka vyooni mpaka ukutani, muwaulize hapa ungepita peke yako? hapa je? na anayeandika aandike wanavyosema bila kuwarekebisha. Wa mtaani kwetu nitawakusanya mimi na ruhusa za wazazi wao nitazileta, semeni siku tu, isipokuwa wakati wa chuoni.